Lugha ya kwanza ni Python, ila VS Code isubiri kwanza

Ukiuliza uanze na lugha gani ya programu utapewa majina kumi kabla ya chai kupoa. Lakini wengi wanaoacha mapema hawashindwi na lugha. Hukwama siku ya kusakinisha, kabla hawajaandika mstari hata mmoja. Ndiyo maana ninapopendekeza Python, ninataja hapo hapo na mahali pa kuiandikia: Thonny.

Thonny ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanafunzi. Ni ya bure, na Python imo ndani yake tayari. Unapakua faili moja kutoka thonny.org, unasakinisha, unaandika, unabonyeza F5 kuendesha programu. Basi.

Njia iliyozoeleka ni kusakinisha Python peke yake, kisha VS Code, programu ya kuandikia msimbo. Hapo kuna kisanduku kidogo chini ya dirisha la kusakinisha, kimeandikwa "Add python.exe to PATH". Usipokitia alama, Windows haitajua Python iko wapi, na ukiandika python kwenye dirisha la amri, Windows 10 itakufungulia Microsoft Store badala ya kuendesha programu yako. VS Code yenyewe ni nzuri, siibezi. Ila kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 yenye kivinjari kilichofunguliwa huwa nzito, na imejaa vitufe ambavyo hutavigusa kwa miezi.

Sasa andika hivi:

bei = input("Bei: ")
idadi = input("Idadi: ")
print(bei * idadi)

Ingiza 500 na 3. Badala ya 1500 utapata ujumbe wa kosa uitwao TypeError. Sababu ni kwamba input hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu. Dawa ni int(input("Bei: ")), inayoyageuza maandishi hayo kuwa namba, na vivyo hivyo kwa idadi. Kabla ya kurekebisha, fungua menyu ya View, chagua Variables, kisha bonyeza Ctrl+F5 na usogee hatua kwa hatua kwa F7. Utaona bei imehifadhiwa kama '500', ikiwa na alama za nukuu. Kuliona kosa kwa macho namna hiyo kunafundisha kuliko kuambiwa.

Majina kama bei na idadi nimeyaweka kwa makusudi. Ukitumia Kiswahili kwa majina unayoyabuni, unatambua papo hapo kwamba for, if na while ni maneno ya Python, na ya Kiswahili ni yako. Usitumie nafasi ndani ya jina, andika bei_ya_jumla.

Makosa mengine mawili huwapotezea watu jioni nzima. La kwanza ni kuipa faili yako jina la moduli ya Python yenyewe (faili ya msimbo ulioandikwa tayari), kwa mfano random.py. Ukiandika import random, Python inaisoma faili yako badala ya moduli halisi, na kosa linalotokea halieleweki. Badili jina la faili. La pili ni kunakili msimbo kutoka Word au ujumbe wa simu: alama za nukuu hugeuka kuwa zile zilizopinda, na Python hulalamika SyntaxError: invalid character. Zifute, uziandike upya mwenyewe.

Huna kompyuta? Programu ya Pydroid 3 kwenye simu ya Android inatosha kwa mazoezi ya mwanzo, na baada ya kuisakinisha huhitaji bando kuendesha programu zako. Tatizo ni kibodi: Python hutegemea nafasi mwanzoni mwa mstari, na kuzihesabu kwa kidole gumba kunachosha.

JavaScript nitaitanguliza kwa mtu mmoja tu, yule anayetaka kutengeneza tovuti na si kitu kingine. Huyo hahitaji kusakinisha chochote: afungue Chrome, abonyeze F12, achague Console, aanze kuandika. Ajihadhari tu na ukimya wake. Pale Python ilipokataa, JavaScript huzidisha "500" kwa "3" na kutoa 1500 bila kunung'unika; lakini ukijumlisha "500" na "200" inatoa 500200, nayo haikuonyi.