Namba ya Ubuntu Haitabiriwi, Inasomwa

Kwenye maduka ya kompyuta hapa Dodoma mjini, wateja wengi wa Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, husema: “Nasubiri Ubuntu 25 kamili, hizi zenye nukta ni za majaribio.” Watasubiri sana, maana haipo. Namba hizo ni tarehe: 24.04 ni Aprili 2024, 24.10 ni Oktoba 2024. Hata mwaka 2006, toleo la Aprili lilipochelewa hadi Juni, liliitwa 6.06, si 6.04.

Kosa linaloumiza watu ni kudhani namba kubwa ndiyo bora. Tangu 2012, matoleo ya Aprili ya miaka shufwa, kama 22.04 na 24.04, hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Mengine siku hizi hupata miezi 9 tu: aliyeweka 24.10 kwenye kompyuta ya ofisi alikatiwa masasisho Julai 2025, wa 24.04 anaendelea.

Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika cat /etc/os-release, uone namba ya toleo lako. Ukiwa na 22.04 hukuletewa 24.04 siku ilipotoka. Mfumo husubiri 24.04.1, miezi kadhaa baadaye, hitilafu za mwanzo zikishazibwa. Kabla ya kupandisha toleo, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje.