"Najisikia Sawa, Kwa Nini Ninywe Dawa?" Maswali na Majibu Kuhusu Presha

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na sukari hapa Eastlands, Nairobi. Karibu kila siku mtu ananiwekea mezani karatasi ya tembe yenye mashimo matano. Tembe tisa zimebaki zimelala palepale nilipoziacha mwezi uliopita. Nikimtazama, ananiambia lilelile: "Lakini sista, mimi najisikia sawa." Haya ndiyo maswali yanayofuata.

Presha ya juu ni nini?

Ni damu kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Ukipimwa kwa siku tofauti na kila mara ukapata 140/90 au zaidi, una presha. Umri, ukoo, chumvi, unene, pombe na kukaa kitako kutwa vyote huchangia.

Si ningejua kama ninayo?

Hapana, usingejua. Wengi wenye presha hawaumwi popote. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kabisa. Kuna wanaoniapia kwamba "presha yangu naifahamu, ikipanda kichwa kinagonga." Nimewapima watu hao wakiwa wanacheka na mwenzao kwenye benchi, mashine ikasoma 190 juu. Presha haijulikani kwa kujisikia. Inajulikana kwa kupimwa.

Basi mbona akili yangu inaniambia nimepona?

Kwa sababu akili hujifunza haraka kutokana na matokeo yaliyo karibu. Mtoto akigusa jiko la makaa anaungua papo hapo, na hahitaji kufundishwa mara ya pili. Madhara ya presha huchukua miaka, kwa hiyo funzo linakuja kichwa chini miguu juu.

Nina mgonjwa, dereva wa matatu. Tembe yake ya asubuhi ilikuwa ile ya kupunguza maji mwilini. Akiimeza alfajiri, inampata kwenye foleni ya Jogoo Road amebanwa na mkojo, abiria kumi na wanne nyuma yake. Siku asipoimeza, anaendesha kwa raha hadi jioni. Akili yake ikapiga hesabu: dawa ni mateso, kuacha dawa ni nafuu. Kwa siku ile moja hesabu hiyo ni sahihi. Ila wakati anafurahia safari, figo, moyo, macho na mishipa ya ubongo vinachakaa, na hakuna hata kimoja kinachopiga kelele. Alirudi kwangu akiwa na 198/112, na akaniambia hajawahi kujisikia vizuri hivyo.

Tulibadilisha dawa. Ilichukua dakika kumi. Miezi minane alikuwa ameteseka na kisha kuacha, bila kusema neno. Dawa ikikusumbua, miguu ikivimba, kikohozi kikianza, au pesa ya dawa ikikosekana, njoo useme. Usijihukumie mwenyewe nyumbani.

Niliacha dawa, nikapima, nikakuta iko sawa. Huo si ushahidi?

Ulipima lini? Nikiuliza hivyo, jibu huwa "siku ya pili" au "ya tatu". Dawa ya presha kama amlodipine hutoka mwilini polepole, siku kadhaa. Ni kama maji ya mtaani kwetu: yakikatwa Jumatatu, mfereji wa jikoni bado unatoa, kwa sababu tangi la juu lina akiba. Utasema maji hayajakatwa? Ngoja Ijumaa.

Na kama presha ilikuwa nzuri wakati unameza tembe, hiyo ndiyo kazi ya tembe. Namba nzuri maana yake endelea. Haimaanishi umepona. Nalirudia kwa sababu kila wiki nasikia lile lile: namba nzuri maana yake endelea. Kupunguza au kuacha huamuliwa na anayekutibu, baada ya vipimo.

Kitunguu saumu na mwarubaini vilimsaidia mama fulani. Kwa nini visinisaidie?

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani, B. F. Skinner, aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye vizimba ambamo chakula kilikuja chenyewe baada ya muda maalumu, wafanye lolote wasifanye. Muda si mrefu njiwa mmoja akawa anazunguka zunguka, mwingine anasukuma kichwa kwenye pembe. Kila mmoja alishika kile alichokuwa akifanya chakula kilipotokea.

Simtukani mtu. Akili zetu sote, yangu pia, hushika jambo la mwisho lililotangulia nafuu. Presha yenyewe hupanda na kushuka kutwa. Umepanda ngazi mbio, umebanwa na mkojo, umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa, unaongea huku unapimwa: itapanda. Jioni umetulia, inashuka, na katikati ulikuwa umetafuna kitunguu saumu. Sifa zote zinakiendea kitunguu. (Ndiyo maana kabla ya kupima tunakuambia ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini. Si kukupotezea muda.)

Halafu jiulize ni nani anayesimulia. Aliyebahatika anasimulia sokoni, kanisani, msikitini. Aliyeacha dawa akapooza nusu ya mwili, ulimi mzito, hatoki nyumbani kuja kukutolea ushuhuda. Unasikia upande mmoja tu. Kitunguu weka kwenye mboga, na tembe umeze.

Jirani alianza dawa za presha, akafa. Si dawa ilimmaliza?

Wengi huanza dawa wakiwa wamechelewa, moyo au figo zimeshaharibika. Kifo cha mtu unayemjua kinakaa akilini kuliko wale mia wanaomeza na kwenda kazini kila siku.

Mzee wangu nyumbani hataki kusikia. Nimwambieje?

Usimgombeze. Ukimbana anaanza kutetea uamuzi wake, na kila anavyoutetea ndivyo anavyozidi kuuamini. Yape macho yake kile ambacho mwili wake haumwambii. Apimwe mara kadhaa, na aandike namba kwa mkono wake mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wana mashine ya presha kwenye mikoba yao; mwombe mmoja wao aingie.

Kisha ifunge tembe kwenye mazoea aliyo nayo tayari. Mgonjwa wangu mmoja huiweka juu ya kopo la majani ya chai. Hawezi kuchemsha chai bila kuigusa, na tangu aanze hivyo sijaiona karatasi yake ikiwa na tembe za ziada.

Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri. Tusubiri kukuche?

Hapana. Msisubiri asubuhi. Msisubiri mjomba afike kutoka mashambani. Hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme sicho.

Hapa ndipo ninapokosa subira, nisameheni. Watu wanasema "amechoka, alale kwanza," wanamkanda mafuta, wanatafuta aliyemloga, na jua linachomoza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Saa mlizokaa mkijadiliana zimo ndani ya hizo nne na nusu.

Ikiwa mkono umelegea dakika kumi kisha ukarudi kawaida, bado mpelekeni. Najua atasema "sasa najisikia sawa." Ni sentensi ileile, na hapa inaua. Kulegea kwa muda mfupi huweza kutangulia kiharusi kikubwa, pengine siku hiyohiyo.

Msimpe chakula wala maji, huenda koo halimezi. Msimpe aspirini, huenda ni damu inayovuja. Msimpe tembe za presha za ziada. Mpelekeni hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, na mtu mmoja aandike saa ya mwisho alipoonekana akiwa mzima, kwa sababu hilo ndilo mtakaloulizwa mlangoni.