Operesheni ya presha ya macho si operesheni ya mtoto wa jicho

Nimelisikia Mtwara mjini, nimelisikia Masasi: "Bibi kapasuliwa presha ya macho, mbona haoni kama jirani yake?" Ukiulizia, jirani alitolewa mtoto wa jicho.

Presha ya macho, yaani glakoma, ni ugonjwa unaoua taratibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri na presha inapanda. Dawa za matone zikishindwa kuishusha, ndipo upasuaji unapozungumzwa.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Ikitolewa na kuwekwa nyingine, mwanga unapita, mtu anaona. Kwenye glakoma kilichokufa ni mshipa, na hakuna daktari anayeweza kuufufua. Upasuaji unashusha presha ili sehemu iliyobaki isife. Tena wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuona ukungu zaidi, na operesheni ikawa imekwenda sawasawa. Ndiyo maana inaniuma kumsikia mzee akisema atangoja auze korosho kwanza, au jicho "likomae". Glakoma haingojwi ikomae. Nuru inayopotea wakati wa kungoja hairudi.

Njia zenyewe ziko kadhaa. Trabekulektomi, iliyoelezwa na daktari wa macho Cairns mwaka 1968, hufungua kijitundu kwenye sehemu nyeupe ya jicho, maji yakatoka na kufanya kiputo chini ya kope la juu. Hushusha presha vizuri, ila kovu linaweza kuziba tundu, hivyo daktari hupaka dawa ya mitomisini kulizuia. Anayetoka Newala apange nauli mapema: wiki za mwanzo ni kurudi kliniki mara kwa mara. Na jicho hilo likiwa jekundu na kuuma, hata baada ya miaka, aende siku hiyohiyo. Kibomba cha silikoni cha kutolea maji mara nyingi huwekwa pale tundu la kwanza lilipoziba. Leza ya dayodi, yaani mwali mkali wa mwanga, haitoboi kitu, inaunguza sehemu inayotengeneza maji; inaweza kurudiwa, na kwa muda mrefu iliachiwa macho ambayo nuru yake imekwisha kupungua sana.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kusema operesheni ya bibi haikufaulu, mwulize daktari presha ilikuwa ngapi kabla ya upasuaji na sasa ni ngapi.