Apdeti ikitoka, mwenye seva ndo anabaki nje

Kama unaendesha seva ya Rust, lile gemu la kuishi porini mnalocheza wengi mtandaoni, Alhamisi ya kwanza ya mwezi usipange kitu kingine. Siku hiyo Facepunch, waliotengeneza gemu, wanatoa apdeti ya lazima, ramani zinafutwa watu wanaanza upya, na inatoka saa moja jioni ya London, kwetu Afrika Mashariki ni saa tatu au saa nne usiku inategemea Uingereza wamesogeza saa zao au la.

Mchezaji yeye hana kazi, Steam, programu aliyonunulia gemu, inamshushia toleo jipya yenyewe. Seva yako bado ina la zamani, na matoleo yakipishana haingii mtu. Yani kuanzia dakika ile Discord inajaa "kaka seva vipi", "mbona siioni kwenye listi", na wewe uko kwenye skrini nyeusi ya SteamCMD, Steam ya kuandika komandi, umeandika app_update 258550 (namba ya seva ya Rust) unaangalia asilimia zinavyotambaa.

Wengi wanadhani tatizo ni intaneti tu. Ni kweli muda ule kila mtu anavuta kwa pamoja, lakini Steam inakata mafaili vipande vya kama MB 1 na inashusha vilivyobadilika tu, kwa hiyo mzigo wenyewe unaweza kuwa mdogo. Kazi iko kwenye diski, maana faili la GB kadhaa likiguswa kidogo tu inabidi nakala nzima ijengwe upya pembeni ndo ichukue nafasi ya la zamani. Kama umekodi seva ya bei rahisi, diski unachangia na wapangaji wengine, hapo utakaa sana. Na nafasi ya diski ikiisha katikati unapewa "state is 0x202 after update job", basi, hakuna maelezo. Mimi mara ya kwanza nimekutana nayo saa tano usiku, watu thelathini na kitu wananisubiri, nikarudia komandi ileile mara nne nikijua ni mtandao, kumbe diski imejaa bakapu za miezi iliyopita. Kampuni niliyokodi kwao walinijibu kesho yake mchana.

Halafu hiyo validate, neno watu wanaloongeza mwisho wa komandi ya apdeti kwenye skripti zao, iangalieni. Inalinganisha kila faili na la asili, likitofautiana inarudisha la asili, kwa hiyo kama ulihariri faili lililokuja na gemu lenyewe, kazi yako imefutika. Iache mpaka mafaili yaharibike kweli.

Ukivuka hapo bado Oxide, programu inayobeba plagini, yani vinyongeza vya seva yako. Nayo inabidi itolewe upya kuendana na toleo jipya, na ukiwasha seva bila hiyo watu wanaingia kwenye gemu tupu, hakuna kit (vifurushi vya vifaa vya mchezaji) wala ruhusa ulizogawa kupitia plagini. Bora uwaambie wachezaji wasubiri.

Kuna wanaoniambia si uache mpaka kesho asubuhi. Kwenye Rust haiwezekani, na kwingine ni hatari kabisa. Desemba 2021 lilipotoka tundu la usalama la Log4j, kipande cha kodi ya Java kinachoandika kumbukumbu za programu, kwenye gemu la Minecraft mtu aliweza kuandika mstari mmoja kwenye chati akaendesha kodi yake ndani ya seva yako. Mojang, wenye Minecraft, walitoa toleo la 1.18.1 tarehe 10 Desemba, na wenye matoleo ya zamani wakapewa maelekezo ya kubadilisha komandi ya kuwashia. Siku kama ile kila saa unayochelewa mlango uko wazi.

Ninachoomba kwa watengenezaji wa magemu ni kitu kimoja, mafaili ya seva yatangulie hata saa moja kabla ya wachezaji kupata yao. Saa moja tu, tushushe, tujaribu, tuwe tayari.

Kwa sasa mimi kazi naifanya Jumatano. Nafuta bakapu za zamani, nahakikisha nafasi iliyobaki inazidi ukubwa wa gemu zima, nakopi folda ya cfg, yenye mipangilio ya seva, pembeni, halafu nawasha seva ya pili kwa tawi la staging la Rust, toleo la majaribio linalotangulia apdeti, nione plagini ipi inatapika errors. Zinazogoma nazitoa usiku uleule.