Je, homuweki humsaidia mtoto kweli? Na ya kutosha ni kiasi gani?

Mtoto wa darasa la kwanza anasinzia juu ya daftari, mama ameshika penseli, na jibu la swali la tisa limeandikwa kwa mwandiko ambao mwalimu akiuona tu atajua si wa mtoto. Hapo aliyefanya homuweki ni nani?

Watafiti wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi, na jambo la kwanza waliloliona ni kwamba umri una uzito mkubwa. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walizipitia tafiti za nchini mwao za kuanzia 1987 hadi 2003. Kuanzia darasa la saba kwenda juu, wanafunzi waliofanya homuweki zaidi ndio kwa kawaida waliofaulu zaidi. Kwa wadogo wa madarasa ya chini, uhusiano huo ulikuwa hafifu mno.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Mwenye bidii hufanya kazi nyingi na hufaulu, na huenda kinachomfaulisha ni ile bidii yenyewe. Kwa upande mwingine, mtoto anayesumbuliwa na hesabu hukaa saa nzima kwenye kazi ambayo mwenzake huimaliza kwa dakika ishirini. Ukipima muda peke yake, utadhani homuweki ndiyo iliyomrudisha nyuma.

Mbona wadogo hawafaidiki sana? Umakini wao huisha upesi, na kelele kidogo tu huwatoa kwenye kazi. Zaidi ya hapo, hawajajua kujifunza peke yao. Mwanafunzi mkubwa akikwama hurudi kwenye mfano wa darasani na kutafuta alipoteleza. Mdogo akikwama hulia, au humwita mama. Kumsomea kitabu au kumsikiliza akisoma kwa sauti, nionavyo mimi, kuna faida kuliko kurasa mbili za kujumlisha.

Aina ya kazi nayo ina nguvu kuliko wingi wake. Tangu 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku kadhaa hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa mara moja. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwajaribu wanafunzi wa chuo: waliosoma kisha wakajilazimisha kukumbuka walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu. Cha ajabu, baada ya dakika 5 tu waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele! Kwa hiyo maswali matano ya leo na mawili ya wiki iliyopita yana faida kuliko hesabu hamsini zinazofanana. Hizo hamsini, kama mtoto ameielewa njia vibaya, atakuwa amelizoea kosa lake mara hamsini. Na zisiposahihishwa, hatajua kamwe.

Kuhusu muda, walimu wengi wa Marekani hutumia kanuni ya dakika 10: zidisha 10 kwa darasa la mtoto. Darasa la kwanza dakika 10, la sita saa moja, mwaka wa 12 wa shule saa mbili. Ni makadirio tu, lakini hayako mbali na yanayofanyika kwingine. China mwaka 2021 ilipiga marufuku homuweki za kuandika kwa madarasa mawili ya mwanzo, ikaweka kikomo cha dakika 60 kwa la tatu hadi la sita. Ufaransa ilikataza kazi za kuandika nyumbani kwa shule za msingi tangu 1956, ingawa walimu wengi huko huendelea kuzitoa kana kwamba hawajasikia.

Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2012, wanafunzi wa miaka 15 wa Shanghai walisema hutumia karibu saa 14 kwa wiki kwenye homuweki. Wa Finland, chini ya saa 3. Nao wa Finland walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri.

Basi mtoto wa darasa la tatu akishapita nusu saa na bado anahangaika, funga daftari. Mwandikie mwalimu pale pembeni: “Ameishia swali la nne. Hajaelewa kukopa kwenye kutoa.” Mwalimu atapata humo habari zaidi kuliko kwenye ukurasa mzima wa majibu sahihi yaliyoandikwa na mama.