Magari mapya ya Kifaransa: tazama ubavu, usitazame taa

Ukitaka kujua kama gari lina umbo lake lenyewe au limerembwa tu, ziba taa na nembo kwa macho, kisha litazame ubavuni. Mimi ni fundi bodi, na hicho ndicho kipimo changu. Peugeot na Citroën nyingi za miaka hii hazikipiti. Kwa mbele kuna makelele: taa mithili ya kucha za simba, grili iliyojaa vipande. Ukija ubavuni, hakuna kitu.

Citroën DS ya mwaka 1955 haikuhitaji nembo. Aliyeichora, Flaminio Bertoni, alikuwa mchongaji sanamu wa Kiitaliano, lakini umbo lile halikutokana na sanaa peke yake. Magurudumu ya mbele yameachana milimita 1,500, ya nyuma 1,300 tu, kwa hiyo bodi inasinyaa kadiri inavyorudi nyuma. Digadi la nyuma linafunika nusu ya tairi. Sasa tairi utalitoaje? Unalipandisha gari kwa mfumo wake wa haidroliki, unaweka stendi, unalishusha, na magurudumu yananing'inia. Kisha unafungua boliti moja nyuma na digadi zima linatoka mkononi. Kwa mtu wa kazi yangu, huo ndio uzuri: kila mkunjo wa bati una sababu, na sababu hiyo unaweza kuishika.

Hata magari ya bei nafuu yalikuwa hivyo. Renault 4 ya 1961 ina nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma iliyo ndefu upande mmoja kuliko mwingine kwa karibu sentimita 5, kwa kuwa vyuma vya springi vya nyuma vimelazwa kimoja mbele ya kingine. Na Peugeot 404, iliyochorwa na kampuni ya Kiitaliano ya Pininfarina, sisi Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Watoto waliitambua kutoka mbali, vumbi na yote.

Ni nini kimebadilika? Wachoraji wazuri bado wapo. Wamebanwa. PSA, kampuni iliyomiliki Peugeot na Citroën, ilinunua Opel mwaka 2017, na 2021 ikaungana na Fiat Chrysler kuwa Stellantis. Peugeot 208, Opel Corsa, Citroën C4 na Jeep Avenger zote zimetoka kwenye chesisi moja ya CMP. Mhimili wa mbele ukae wapi, kioo cha mbele kianzie wapi, dereva akae juu kiasi gani: mengi yameshaamuliwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Juu yake kuna kanuni za kumlinda mtembea kwa miguu, zinazotaka boneti liache nafasi juu ya injini ili kichwa kisigonge chuma. Hizo naziunga mkono kabisa, zinaokoa watu. Ila mchoraji anabakiwa na taa, grili na bampa, na ndiyo maana vurugu zote zimehamia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni Citroën C4 Cactus. Ilipotoka 2014 ilikuwa na mabamba ya plastiki laini yenye hewa ndani, yamefunika sehemu kubwa ya milango. Wengi waliyaona mabaya. Mimi niliona akili: mlango wa jirani ukigonga kwenye maegesho, rangi haiguswi. Mwaka 2018 wakayapunguza na kuyashusha chini ya milango. Gari likawa la heshima, na likafanana na mengine. Waliondoa kitu pekee kilichokuwa na kazi!

Wasomaji wataniambia: mbona Renault 5 ya umeme ya 2024 ni nzuri? Ni nzuri, nakubali, na mabega yake yamechongwa vizuri. Lakini sura yake imekopwa kwa babu yake wa 1972, na babu huyo alikuwa na sababu zake, kama zile bampa za plastiki kwa ajili ya misuguano ya mjini. Isitoshe, iweke kando ya Nissan Micra mpya, inayotengenezwa pamoja nayo kule Douai, Ufaransa. Nissan wamechonga mfereji kwenye milango na kuweka taa za mviringo. Madirisha na mkao wa paa ni vilevile.