Kompyuta ya gemu ya mkononi: maana yake kwa aliye na gemu za PC

Kompyuta ya gemu ya mkononi ni PC kamili iliyobanwa ndani ya kioo cha inchi 7 hadi karibu 9, vitufe vikiwa kulia na kushoto. Kwa sura inafanana na Nintendo Switch, na hapo ndipo wanunuzi wanapopotea. Switch ni konsoli, inacheza gemu zilizotolewa kwa ajili yake tu. Gemu uliyokwisha kuilipia kwenye PC, kule utailipia tena. PlayStation Portal nayo isikuzuge, kwani gemu haikai ndani yake: picha huletwa kwa Wi-Fi.

Gemu uliyonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC la kampuni ya Valve, imefungwa kwenye akaunti yako, si kwenye mashine. Ingia na akaunti hiyo hiyo kwenye kompyuta ya mkononi, na orodha yako yote utaikuta, mara nyingi hata pale ulipoishia. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si uzuri wa kioo, ni kama kifaa kitaziendesha gemu ulizo nazo.

Steam Deck ya Valve, iliyotoka Februari 2022, haitumii Windows. Inatumia SteamOS, ambayo ni Linux, na gemu za Windows huendeshwa kupitia programu iitwayo Proton. Ukicheza peke yako, mara nyingi hutaona tofauti. Balaa liko kwenye gemu zenye programu ya kuzuia wadanganyifu, ambayo mara nyingi haikubali Linux, na kwetu Malindi balaa hilo linaangukia mpira. EA Sports FC 24 na zilizofuata hazichezeki kwenye SteamOS, hata kama unataka kucheza dhidi ya kompyuta tu, bila mtandao. Fortnite vilevile. GTA V utacheza hadithi yake, lakini upande wa mtandaoni ulifungwa Septemba 2024 ilipowekwa BattlEye, programu mojawapo ya kuzuia wadanganyifu.

Basi kijana ambaye jioni yake ni mpira na wenzake atafute yenye Windows 11, kama ROG Ally ya ASUS au Legion Go ya kwanza ya Lenovo, zote za 2023. Avumilie tu, maana Windows kwenye kioo kidogo inasumbua vidole, na kuilaza katikati ya gemu si jambo la kutegemea. Deck unabonyeza kitufe inalala, ukiiamsha unaendelea. Asiyejali mpira, mimi ningemwambia achukue Deck bila kuzunguka.

Bando nalo ni hesabu. Gemu kubwa hufika GB 100, na mtu wa Amu hawezi kushusha mzigo huo mara mbili. Tangu 2023 Steam inaruhusu kuhamisha gemu kutoka PC yako hadi kifaa cha pili kupitia ruta ya nyumbani, bila kuzishusha upya.

Betri ya Deck ya kwanza ni Wh (wati-saa) 40, na gemu nzito huimaliza kwa kama saa mbili. Ukivuka kwa boti kutoka Amu hadi Mokowe ukapanda basi, itazima kabla hujafika Malindi. Ile yenye kioo cha OLED, ya Novemba 2023, ina Wh 50. Pawabanki ya simu ya kawaida haitoshi, tafuta ya USB-C inayotoa wati 45. Na kabla ya kutoka nyumbani, fungua kila gemu mara moja kisha uiweke Steam katika hali ya nje ya mtandao, usije ukaombwa intaneti mahali simu haishiki.